Mto Ulionyooshwa, Kisha Ukapindishwa Tena

  

Mazungumzo yetu ya leo yametokana na swali. Nilikuwa katika kijiji kimoja chenye bonde zuri, mto unapita katikati, pande zote mbili ni majani na matete. Tulipomaliza kukagua mashamba, mzee mmoja akanishika mkono akanionyesha mto, akasema: “Bwana Shamba, tazama mto wetu huu. Unapindapinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Tukichimba mtaro ulionyooka kutoka pale kwenye mkuyu mpaka kule darajani, maji yakaenda zake, tutapata eka ngapi za mahindi?”

Wenzake walicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Eka ni eka, na watoto wanaongezeka. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia, “Mzee wangu, nipe muda.” Jibu langu ndilo hili la leo, na nitalijibu kwa habari za mto mmoja wa mbali, ambao wenyewe walikwisha ufanya kama alivyotaka mzee. Waliunyoosha. Baadaye wakatumia fedha nyingi sana kuupindisha tena. Ni vizuri tujue kwa nini.

Mto huo uko Denmark. Hiyo ni moja ya nchi za kaskazini mwa Ulaya zilizojenga Kituo cha Kibaha pamoja nasi katika miaka ya 1960, wakatukabidhi mwaka 1970. Wapo wakulima wengi waliopata mafunzo Kibaha, basi jina la Denmark si geni kwao. Mto wenyewe unaitwa Skjern Å. Hiyo å ya mwisho hutamkwa “o”, na kwa lugha yao maana yake ni mto mdogo. Urefu wake ni kilomita 94 tu. Kwa sisi wenye Rufiji na Ruvuma, hicho ni kijito. Lakini kwao hakuna mto mwingine unaopeleka baharini maji mengi kuliko huo.

Kwanza tuijue nchi yenyewe, kwa sababu mto ni mtoto wa ardhi yake. Denmark ni nchi tambarare. Kilima chao kirefu kuliko vyote hakifiki hata mita 200 kutoka usawa wa bahari. Zamani sana, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, barafu nene ilifunika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Ilikuja ikasimama katikati ya rasi yao kubwa iitwayo Jutland. Upande wa mashariki, barafu ilipoyeyuka iliacha udongo wa mfinyanzi wenye rutuba. Upande wa magharibi, barafu haikufika. Yalifika maji yake tu, nayo yalimwaga mchanga. Basi magharibi mwa Jutland ni mchanga mtupu, na kwa miaka mingi palikuwa pori la vichaka vifupi, upepo wa bahari unavuma, mazao ni haba.

Mto Skjern unaanzia hapo katikati, mahali paitwapo Tinnet. Karibu sana na chemchemi yake, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kuna chemchemi ya mto mwingine uitwao Gudenå, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini kwao. Hao ni kama ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja wakapeana migongo. Gudenå huenda kaskazini na mashariki. Skjern hushika njia ya magharibi, hupita katika mchanga, hupokea mito midogo mingine, halafu humwaga maji yake katika ziwa la pwani liitwalo Ringkøbing Fjord, lililotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Kule mwishoni, kabla ya kuingia ziwani, mto ulikuwa unatanuka, unagawanyika, unapinda kushoto na kulia katika bonde pana lenye majani.

Sasa, mkulima wa zamani wa mahali pale aliishije katika mchanga ule? Hapa ndugu zangu naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye somo.

Nyumba aliijenga ukingoni mwa bonde, mahali pakavu. Nyuma ya nyumba, juu, ndipo palipokuwa na shamba lake la nafaka katika udongo wa mchanga. Mbele ya nyumba, chini, ndipo palipokuwa na majani ya bondeni. Bondeni hakulima. Kila mwaka mto ulifurika, ukatandaza maji juu ya majani, na maji yalipopungua yaliacha tope laini lenye rutuba. Majani yakastawi bila mtu kuyatia mbolea. Wakati wa joto aliyakata, akayaanika, akayahifadhi. Kule wakati wa baridi ni mrefu. Ng’ombe hukaa zizini karibu nusu ya mwaka, na chakula chao kilikuwa majani yale makavu. Ng’ombe wakila, wanatoa nini? Samadi. Samadi ikapelekwa juu kwenye shamba la mchanga, na nafaka ikapatikana.

Kwa hiyo rutuba ilikuwa inatembea. Mto unaipa majani, majani yanampa ng’ombe, ng’ombe analipa shamba. Wazee wa Denmark wana methali isemayo kwamba bonde la majani ni mama wa shamba. Methali hiyo hata sisi tungeweza kuisema. Anayemwuza mama yake ili apate chakula cha leo, kesho atanyonya wapi?

Tena hawakukaa tu kungoja mafuriko. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walichimba mifereji ya kuyachukua maji ya mto juu zaidi na kuyatembeza polepole juu ya majani, kama wenzetu wa Kilimanjaro na mifongo yao. Wakati huo nchi yao ilikuwa imepata msiba. Mwaka 1864 walishindwa vita na Prussia na Austria, wakapoteza sehemu kubwa ya nchi upande wa kusini. Wakasema, kilichopotea nje tukitafute ndani. Mwaka 1866 bwana mmoja, Enrico Dalgas, na wenzake wakaanzisha chama cha kulifungua pori la Jutland. Walipanda miti ya kuzuia upepo, wakasomba udongo wenye chokaa wakautia katika mchanga, wakachimba mifereji. Hiyo ilikuwa kazi ya kusifiwa, na mimi siisemi vibaya. Pori likawa mashamba.

Lakini kila jambo jema lina mpaka wake. Karne ya 20 ikaleta mbolea ya chumvichumvi. Mkulima akawa ananunua rutuba katika gunia, haihitaji kupita tumboni mwa ng’ombe. Hapo bonde la majani likaanza kuonekana si mama tena, ni ardhi iliyolala bure. Na kusema kweli bonde lilikuwa na usumbufu wake. Mwaka ambao mto ulifurika wakati wa mavuno, majani yaliyokatwa yalichukuliwa na maji, na mkulima aliangalia jasho lake likielea kwenda baharini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya ilikumbuka njaa, kila serikali ilitaka chakula zaidi. Denmark ilikuwa na sheria ya kusaidia kupata ardhi mpya ya kilimo, na serikali ikawa tayari kubeba sehemu kubwa ya gharama.

Basi wakulima wa bonde la Skjern wakakubaliana, wataalamu wakachora, na kazi ikaanza mwaka 1962. Ikaisha mwaka 1968. Sehemu ya chini ya mto, yenye mapindo yote yale, iliwekwa ndani ya mfereji ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kando zote mbili yakajengwa matuta marefu ya udongo ili mto usipate tena kutoka nje. Zikawekwa pampu kubwa za kuvuta maji kutoka mashambani na kuyamwaga mfereji. Hekta 4,000 zilikaushwa. Hizo ni kama eka 10,000. Mzee wangu uliyeniuliza swali, hesabu hiyo ingekufurahisha. Na ilifurahisha kweli. Mahali palipokuwa na majani na vyura pakawa na shayiri, na miaka ya mwanzo mavuno yalikuwa mazuri. Waliofanya kazi ile hawakuwa wajinga wala wabaya. Walikuwa na watoto wa kulisha, na walifanya kile ambacho elimu ya wakati ule iliwaambia.

Haya, kikaja nini? Zikaja hati za madai. Mto ulikuwa umenyamaza kumbe unaandika deni. Nitayataja madeni matatu.

Deni la kwanza ni ardhi yenyewe kushuka. Udongo wa bonde lile kwa sehemu kubwa ulikuwa mboji nyeusi, yaani mabaki ya majani na matete yaliyozama majini kwa maelfu ya miaka. Ndani ya maji hakuna hewa, na pasipo hewa majani hayaozi yakaisha, hulundikana. Sasa ukiyatoa maji, hewa inaingia. Hewa ikiingia, wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaanza kuila ile mboji, nayo inageuka moshi usioonekana inapaa. Hebu fikiria lundo lako la mboji nyumbani. Unalirundika likifika kifuani, baada ya miezi michache limeshuka gotini. Umeiba nani? Hakuna aliyeiba, limeoza. Ndivyo ilivyokuwa Skjern. Shamba lilishuka mwaka hata mwaka, mahali pengine likafikia kama mita moja nzima. Na shamba likishuka, linakaribia tena maji. Pampu zinatakiwa zivute kutoka chini zaidi, mifereji ichimbwe upya, gharama zinapanda. Ukikausha zaidi, shamba linashuka zaidi. Ni kama mbwa anayeufukuza mkia wake. Haikupita miaka 20, wakulima walikuwa wanaona mashamba yao yanarudi kuwa matope, na kazi ya kuyakausha inataka kuanzwa upya.

Deni la pili ni maji ya kutu. Katika udongo wa mabonde kama yale mna madini ya chuma yaliyoungana na salfa. Yakiwa ndani ya maji yanalala, hayana neno na mtu. Maji yakitolewa na hewa ikayafikia, yanaamka. Salfa inageuka kuwa asidi, na chuma kinayeyuka kinachukuliwa na maji mpaka mferejini, na huko kinageuka kutu. Maji yakawa mekundu kama chai iliyochacha. Tope lile jekundu likalala juu ya kokoto ambamo samaki hutaga mayai, likawaganda samaki mashavuni wasiweze kupumua. Mto Skjern ulikuwa na samaki wakubwa waitwao samoni, ambao huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi katika mto uleule kuzaa. Samoni wa Skjern walikuwa na sifa tangu zamani. Kufika miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno, hata ikadhaniwa wamekwisha.

Deni la tatu ni la majirani wa chini. Mto unaopinda unakwenda polepole, na ukifurika unatandaza maji juu ya majani. Yale majani ni chujio. Tope linatua, mbolea iliyosombwa kutoka mashambani inaliwa na majani, na maji yanayofika chini yana nafuu. Mto ulionyooshwa na kufungiwa kati ya matuta mawili hauna chujio. Unakimbia na kila ulichobeba, mchanga, kutu na mbolea, unakwenda kukitua mlangoni kwa jirani. Jirani hapa ni lile ziwa la pwani. Mbolea ilipozidi ziwani, maji yakageuka rangi ya kijani kwa vimea vidogo vinavyoelea. Jua likazuiwa lisifike chini, na majani ya chini ya maji, ambayo ndiyo malisho na mazalio, yakafa. Mvuvi wa ziwani akalipa deni ambalo hakulikopa.

Nasikia mtu ananiuliza: “Basi Bwana Shamba, si wangefungulia tu maji yarudi?” Ndugu yangu, kuharibu ni siku moja, kutengeneza ni mwaka. Ubishi ulikuwa mkubwa. Mwaka 1987 Bunge la Denmark liliamua kwamba mto urudishwe katika hali yake. Lakini sheria ya kuifanya kazi yenyewe ilipitishwa mwaka 1998, miaka 11 baadaye. Wakati wote huo ni mipango, vipimo na mazungumzo. Wapo wakulima waliopinga kwa nguvu, na tusiwalaumu upesi. Mtu aliambiwa na wakubwa kwamba kukausha bonde ni kulijenga taifa, akatoa nguvu zake, akalima. Leo mtoto wake anaambiwa kwamba alichofanya baba yake kilikuwa kosa. Hilo linauma.

Njia waliyoifuata inafaa kukumbukwa. Hawakuwaondoa watu mikono mitupu. Serikali ilinunua ardhi, na ilinunua pia mashamba mengine nje ya bonde, ili mkulima aliyetaka kuendelea kulima aweze kubadilishana: atoe shamba la bondeni linalozama, apewe shamba la juu lililo kavu. Penye kubadilishana kwa haki maneno hupungua, ingawa hayaishi.

Mwaka 1999 mashine zikaingia. Mfereji ulionyooka ukafukiwa, matuta yakabomolewa, na mto ukachimbiwa tena mapindo yake kwa kufuata alama za zamani. Kazi ilimalizika mwaka 2002. Mahali ambapo mfereji ulikuwa unapita kilomita 19, mto sasa unapita kilomita 26. Maji hayakuongezeka, ila njia imekuwa ndefu kwa sababu ya kupinda. Hekta 2,200 zilirudishwa kuwa bonde la majani na maji. Fedha iliyotumika ilizidi kroner milioni 250, ambazo ni fedha zao. Mahesabu ya kubadilisha nawaachia wenye benki. Itoshe kusema kwamba walilipa mara mbili. Walilipa kunyoosha, wakalipa kupindisha.

Je, walipata nini? Ndege wa majini walirudi kwa wingi, na fisi maji nao wapo. Wale samoni wachache waliosalia walikamatwa kwa uangalifu, wakakamuliwa mayai, vifaranga vikakuzwa na kurudishwa mtoni. Leo samoni wanaorudi kuzaa ni maelfu, na wavuvi wa ndoano wanakata vibali na kupangiwa idadi ya samaki wa kuchukua kwa mwaka. Wageni wanaokuja kuvua na kutazama ndege wanalala na kula katika miji midogo ya pale, Skjern na Tarm. Na jambo la kutufurahisha sisi watu wa kilimo: ng’ombe wamerudi bondeni. Wafugaji wa jirani hupewa sehemu za kuchungia na kukata majani, kwa sababu bonde lisipolishwa matete na vichaka vitalifunga. Mama wa shamba amerudi kazini kwake.

Lakini si kila kitu kilirudi. Mboji iliyopaa haikurudi. Ile ilijengwa kwa maelfu ya miaka, ikaliwa kwa miaka 30 na kitu. Maji yaliporudishwa, kuna mahali yalituama pakawa ziwa la kina kifupi, wanaliita Hestholm Sø. Fedha inaweza kununua mashine, pampu na hata samaki. Udongo uliokwisha kupaa hakuna duka linalouuza.

Sasa turudi kwenye bonde la mzee wangu. Mimi sisemi kwamba bonde lisitumike. Hapana. Hata wale wazee wa Skjern walilitumia, tena vizuri. Nasema tusianze na jembe, tuanze na maswali. Nitatoa manne.

Swali la kwanza: chini kuna udongo gani? Chimba shimo la kufika kiunoni mahali unapotaka kulima. Ukikuta udongo mweusi mwepesi kama sifongo, wenye nyuzinyuzi za mizizi na majani ya kale, hiyo ni mboji. Ukiukausha kabisa utashuka, na wakati wa kiangazi unaweza hata kushika moto ukawaka chinichini. Ukikuta tope la kijivu au la bluu linalonuka kama yai viza, kuwa mwangalifu zaidi, maana huenda hapo pana salfa iliyolala. Chukua bonge moja liweke juu ya ubao kivulini, lilowanishe maji kidogo kila siku kwa majuma kadhaa. Likianza kutoa madoa ya manjano au rangi ya kutu, mpelekee bwana shamba wako alipime uchachu kabla hujachimba mtaro hata mmoja.

Swali la pili: maji utayatoa kiasi gani? Mmea hauhitaji bonde liwe kavu kama uwanja wa mpira. Mboga na mahindi ya bondeni yanahitaji mizizi ipate hewa, basi. Inua matuta mapana upande juu yake, na kati ya matuta acha mifereji mifupi isiyo na kina. Katika kila mfereji weka kizuizi cha udongo au ubao unachoweza kukifungua mvua inapozidi na kukifunga jua linapokuwa kali. Maji yabaki chini ya tuta, karibu, yasikimbizwe yakaenda moja kwa moja. Kule Skjern mtambo ulikuwa unajua kitu kimoja tu, kutoa. Wewe ujue kutoa na kuzuia.

Swali la tatu: nani yuko chini yako? Maji unayoyafukuza haraka hapa yatafika haraka kule. Jirani wa juu akinyoosha, jirani wa chini anapata mafuriko masika na ukame kiangazi. Kwa hiyo jambo la mto si la mtu mmoja na jembe lake. Lizungumzwe katika mkutano wa kijiji, na vijiji vya chini waitwe. Tena sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na kugeuza njia ya mto ni jambo la kuombewa kibali kwa wanaosimamia maji ya bonde lenu. Wengine wanaona mita 60 ni kunyang’anywa. Mimi nasema ni chujio na ni malisho. Acha majani yaote hapo, yakate, mpelekee ng’ombe au mbuzi bandani.

Swali la nne ndilo kubwa: shamba lako la juu umelimaliza? Mara nyingi tunatamani bonde kwa sababu shamba la juu limechoka. Tazama mtu ana eka tatu mlimani, hazina samadi, hazina makinga maji, anavuna magunia manne kwa eka, halafu anataka kunyoosha mto apate eka nyingine. Kesho na hiyo nayo itachoka. Mkulima wa zamani wa Skjern alikuwa na mchanga mbaya kuliko wetu, baridi kali na upepo, lakini aliulisha mchanga ule kwa majani ya bondeni kupitia tumboni mwa ng’ombe. Jaribu hesabu hiyo kabla ya kujaribu mtaro. Majani ya bondeni yalishe mifugo, samadi ipande juu, na udongo ubaki nyumbani.

Mzee wangu, najua unanisikiliza. Uliniuliza, mto ukinyooshwa mtapata eka ngapi. Jibu langu ni hili: mtapata nyingi, na mtafurahi miaka michache. Kisha mto utaanza kudai. Wenzetu wa Denmark walikuwa na fedha ya kulipa deni hilo, hata hivyo liliwasumbua miaka mingi. Sisi fedha hiyo hatuna. Kwa hiyo yetu ni kutokopa.

Ule mto kupindapinda si uvivu. Kila pindo ni mahali unapopumzika, unapoacha tope, unapowanywesha majani. Nitapita huko kijijini kwenu kabla ya masika. Chimbeni lile shimo nililosema, msilifukie. Tutalitazama pamoja, na hapo ndipo tutaamua tuta la kwanza liinuliwe wapi.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kama kikundi chenu cha kusikiliza kina swali juu ya mabonde na maji, andikeni, tutalijibu katika kipindi kijacho.